Kuandaa Windows XP kwa mtu anayeshika mausi kwa mara ya kwanza

Ukipita Luthuli Avenue, Nairobi, au ukiulizia kwa fundi wa mtaani kwenu, hutakosa kompyuta ya ex-UK iliyostaafu ofisini kitambo, bado ina stika ya Windows XP ubavuni. Kwa kazi za ofisi ya leo haifai tena. Lakini kwa shangazi anayetaka kuandika kumbukumbu za chama bila kumtegemea kijana wa saiba, au kwa mzee aliyestaafu anayetaka kujiandikia barua, mashine hiyo ni mwalimu mzuri, mradi kuna mtu aliyeiandaa kabla mwenyewe hajaketi. Mwongozo huu ni wa huyo mtu wa kuandaa.

Windows XP ilitoka tarehe 25 Oktoba 2001, na sura yake ilichorwa kwa ajili ya anayeanza: kitufe kikubwa cha kijani cha kuanzia, alama nyekundu ya kufunga dirisha, na folda zinazokuonyesha ubavuni mambo unayoweza kufanya na faili uliyochagua. Tatizo ni kwamba inavyokuja imepimwa kwa mkono mwepesi na macho makali. Mtu wa miaka sitini akishindwa kufungua folda hujiona mjinga, ilhali kosa ni la kipimo kimoja kilichofichwa kwenye menyu asiyoijua. Ndiyo maana mimi huanza na mkono, kisha macho, na mapambo huja mwisho kabisa. Wengi huanza na picha ya nyuma ya skrini, wakimaliza hapo wanadhani wameseti kompyuta.

Jambo moja kabla hatujaingia. Microsoft iliacha kuitolea XP marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, kwa hivyo mashine hii usiiunganishe na intaneti. Mambo ya benki, eCitizen na iTax yabaki kwenye simu. Hii ni kompyuta ya kuandika, kupiga hesabu na kuprinti, basi.

Majina ya menyu nimeyaacha kama yalivyo kwenye skrini kwa sababu ndiyo utakayoyatafuta kwa macho.

Hatua ya 1: Weka alama ya kurudia

Ingia kwa akaunti ya msimamizi. Bofya Start, kisha All Programs, Accessories, System Tools, halafu System Restore. Chagua "Create a restore point", uipe jina linaloeleweka, kwa mfano "Kabla ya kuseti". Ukija kuvuruga mambo, utarudi hapo hapo na kuiambia mashine irejee ilivyokuwa siku hiyo. Barua na hati zilizo ndani ya My Documents hazitaguswa. System Restore inahitaji nafasi ya angalau MB 200 kwenye diski, na ikikataa kuwaka, mara nyingi hiyo ndiyo sababu.

Uwe pia na daftari. Kila kipimo unachobadilisha, andika kilivyokuwa na ulivyokiweka. Najua inachosha, lakini mashine ya pili utakayoitwa kuandaa itakwenda haraka kwa sababu ya daftari hilo.

Hatua ya 2: Saa, tarehe na karatasi

Angalia saa kwenye kona ya chini kulia. Ikionyesha mwaka wa zamani sana kila unapowasha, betri ndogo ya ubao mama imekufa. Ni ile bapa ya CR2032, kama sarafu, na fundi yeyote anayo. Ibadilishe kwanza, la sivyo hati zote za mwanafunzi wako zitakuwa na tarehe za uongo.

Kisha bofya saa mara mbili, nenda kichupo cha Time Zone. Nairobi imo kwenye orodha kwa jina lake, GMT+03:00.

Sasa fungua Control Panel. Kama inakuonyesha makundi ya rangi, bofya "Switch to Classic View" upande wa kushoto ili uone kila kitu kimoja kimoja. Mpangilio wa makundi ni mzuri kwa mwanafunzi, ila wewe unayefanya kazi utapoteza muda.

Ndani ya Printers and Faxes, fungua mipangilio ya printa na uhakikishe karatasi ni A4. Mashine nyingi huwa zimebaki na Letter, karatasi ya Marekani, ambayo ni pana kidogo na fupi kidogo kuliko A4. Hapo ndipo barua hukatwa mstari wa mwisho na mtu akalaumu wino.

Hatua ya 3: Mfungulie akaunti yake, halafu uingie kama yeye

Hapa ndipo waandaaji wengi hupotea. Vipimo vya mausi, kibodi, ukubwa wa maandishi, folda na muundo wa tarehe vinafuata akaunti, havifuati mashine. Ukiviseti vyote ukiwa msimamizi, mwanafunzi akiingia kwa jina lake atakuta kila kitu kipo kama kilivyotoka kiwandani, nawe utashangaa nani amekichezea.

Kwa hivyo: Control Panel, User Accounts, "Create a new account". Andika jina analoitwa nyumbani. Mama Wanjiru ni bora kuliko User1. Chagua aina ya Limited. Akaunti ya namna hiyo inamruhusu kubadilisha mausi yake na picha yake ya nyuma, lakini hawezi kufuta programu wala kugusa saa ya mashine. Programu chache za zamani hukataa kufanya kazi humo, basi zijaribu kabla ya kumwahidi. Akaunti ya msimamizi iwekee neno la siri. Yake yeye mwanzoni iache wazi, aingie kwa kubofya picha tu.

Na picha mwachie achague mwenyewe siku ya kwanza. Ni jambo dogo, lakini ni kipimo cha kwanza atakachobadilisha kwa mkono wake.

Toka kwa Log Off, ingia kwa akaunti mpya. Yote yanayofuata yafanyie humo.

Anza kwa kumalizia habari ya tarehe: Control Panel, Regional and Language Options. Ikiwa imeandikwa English (United States), mwezi utatangulia siku, na mchango wa tarehe 3 Aprili utasomeka kama wa Machi 4. Chagua English (United Kingdom). Kisha bonyeza Customize, uingie Currency, ufute alama ya pauni na uandike KSh mahali pake.

Hatua ya 4: Mkono

Fungua Mouse. Kichupo cha kwanza, Buttons, kina kitu ninachokiona kuwa muhimu kuliko vyote katika Control Panel nzima: Double-click speed. Huo ni muda ambao mashine inasubiri kati ya bofyo la kwanza na la pili. Ukichelewa kidogo tu, inahesabu kwamba umebofya mara moja, halafu mara moja tena, na folda haifunguki. Isitoshe, mabofyo mawili ya polepole juu ya jina la faili yanaeleweka kama ombi la kubadilisha jina, kwa hivyo mwanafunzi anaona jina limezungukwa na kisanduku, anabonyeza herufi kwa hofu, na faili inageuka kuitwa "kkk".

Sogeza kile kidude kuelekea Slow, karibu na mwisho. Kando yake kuna picha ya folda ya kujaribia. Usijaribu wewe, mkono wako si kipimo. Ukiweza, mwite mwenyewe ajaribu, na umwangalie vidole badala ya skrini. Folda ikifunguka bila yeye kukaza bega, mmefika.

Kuna wanaosema afadhali kuondoa mabofyo mawili kabisa. Inawezekana: Folder Options, chagua "Single-click to open an item". Mimi huifanya kwa mtu ambaye mikono inatetemeka tu. Kwa wengine hapana, kwa sababu ukiweka hivyo kuchagua faili kunafanyika kwa kutuliza mshale juu yake, na anayeanza hushtuka vitu vikijichagua vyenyewe. Tena siku akienda saiba atakuta mashine zote zinataka mabofyo mawili. Mpe badala yake njia ya tatu ambayo haina haraka: bofya mara moja, kisha bonyeza Enter kwenye kibodi.

Muulize anatumia mkono gani. Kama ni wa kushoto, weka tiki kwenye "Switch primary and secondary buttons", lakini jiandae: mabadiliko yanaanza papo hapo, na kitufe cha OK utakibofya kwa kidole cha upande wa pili. Watu huganda hapo wakidhani mausi imeharibika.

"Turn on ClickLock" usiiguse. Ukishikilia kitufe kidogo, inakifungia kikae kama kimebonyezwa, na kwa mkono mzito hilo hutokea bila kukusudia.

Kichupo cha Pointers: chagua Windows Standard (extra large). Kichupo cha Pointer Options: punguza mwendo wa mshale, halafu weka tiki kwenye ile ya mwisho, inayosema mahali pa mshale paonyeshwe ukibonyeza CTRL. Mshale ukipotea, anabonyeza CTRL na miduara inajichora kuuzunguka. Katika yote utakayomfundisha, hili ndilo atakalokushukuru nalo.

Sasa kibodi. Fungua Keyboard na upeleke Repeat delay upande wa Long. Anayeanza hubonyeza herufi kama anayebonyeza kengele ya mlangoni, na kwa kipimo cha kawaida "mama" inatoka "mmmaaama".

Halafu ingia Accessibility Options. Huku kuna mitego miwili. Mtu akibonyeza Shift mara 5 mfululizo, dirisha la StickyKeys linaruka usoni kwa mlio. Na akishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, FilterKeys inaamka, na ikiwashwa kibodi inaanza kupuuza herufi zinazobonyezwa haraka. Kibodi nyingi zimepelekwa kwa fundi kwa ugonjwa huo na hazikuwa na ugonjwa. Kwenye StickyKeys bonyeza Settings, ondoa tiki kwenye "Use shortcut". Ufanye vivyo hivyo kwa FilterKeys. Nimeitaja kama mtego, lakini kwa mtu anayeandika kwa mkono mmoja StickyKeys ni msaada mkubwa: anabonyeza Shift, anaachilia, kisha herufi. Basi mwangalie mtu, usifuate karatasi hii.

ToggleKeys nayo iwashe. Akigusa Caps Lock kwa bahati mbaya, mashine inalia, na ataacha kuandika kumbukumbu nzima kwa herufi kubwa.

Hatua ya 5: Macho

Bofya kitufe cha kulia mahali patupu pa skrini, kisha Properties. Cha kufanya hapa kinategemea monita.

Ikiwa ni ile nene ya kioo, nenda Settings uishushe iwe 800 kwa 600. Kila kitu kitakuwa kikubwa na bado kitasomeka vizuri. Bonyeza Advanced, halafu Monitor, na kama inakubali 75 au 85 Hertz (yaani mara ambazo skrini inajichora upya kila sekunde) chagua hiyo. Kwenye 60 monita hizo humetameta, na baada ya nusu saa kichwa kinauma.

Ikiwa ni bapa, usishushe. Monita bapa ina idadi yake ya nukta, kwa mfano 1280 kwa 1024 kwa nyingi za inchi 17, na ukiilazimisha nyingine maandishi yanakuwa na ukungu. Iache hivyo, nenda kichupo cha Appearance na kwenye Font size uchague Large Fonts. Extra Large Fonts ipo pia, ila kwenye madirisha mengine vitufe vya chini hukatika, na hakuna kinachomkwaza mwanafunzi kama kuambiwa abonyeze OK ambayo haionekani. Hapo hapo bonyeza Effects, na kwenye njia ya kulainisha maandishi uchague ClearType. Inakuja ikiwa imezimwa, na kwa monita bapa inasaidia kweli.

Unapobadilisha Settings, mashine itakuuliza kama ubaki na mabadiliko na kuhesabu sekunde 15. Skrini ikiwa nyeusi, mikono juu. Usizime. Zikiisha itarudi ilivyokuwa.

Mafundi wengi hugeuza ile sura ya buluu kuwa ya kijivu ya zamani, Windows Classic, eti mashine iwe nyepesi. Yenye RAM ndogo sana, sawa. Vinginevyo iache ya buluu. Ule mraba mwekundu wa kufungia dirisha unaonekana hata bila miwani, na unaweza kuutaja kwa rangi: "funga kwa ile nyekundu."

Screen Saver weka None. Mtu aliyeinuka kuangalia sufuria jikoni akirudi na kukuta skrini imejaa mabomba yanayojichora, ataichomoa ukutani.

Hatua ya 6: Punguza vilivyo mezani

Kwenye skrini acha vitu vinne au vitano: My Documents, programu ya kuandikia, kikokotoo, pipa la taka, labda mchezo mmoja. My Documents ikiwa haipo, irudishe kupitia kichupo cha Desktop, kitufe cha Customize Desktop. Ukiwa hapo ondoa tiki ya Desktop Cleanup Wizard, ambayo kila baada ya siku 60 inajitokeza ikitaka kuhamisha ikoni zisizotumiwa. Kwa anayejifunza, ikoni iliyohama ni ikoni iliyoibiwa.

Bofya kitufe cha kulia kwenye ule mstari wa buluu wa chini, Properties. Weka tiki kwenye "Lock the taskbar", maana bila hiyo mstari unaweza kuburutwa ukahamia ubavuni mwa skrini. Ondoa tiki ya "Auto-hide". Ondoa pia ya "Group similar taskbar buttons": mtu akifungua barua nyingi, kipimo hicho huzikunja pamoja chini ya kitufe kimoja, naye akiona ile aliyokuwa akiandika haipo atakwambia imefutika.

Kuhusu miisho ya majina ya faili, kwenye Folder Options, kichupo cha View, kuna mvutano. Ikifichwa, mwanafunzi anabadilisha jina la faili bila kung'oa .doc kwa bahati mbaya. Ikionyeshwa, utamkamata kirusi kile cha flashi kinachojivika picha ya folda huku jina lake likiishia na .exe. Kwa anayeandikia nyumbani tu, ficha. Kwa anayebeba flashi kwenda kuprinti mjini na kurudi, onyesha, na umfundishe kwamba folda ya kweli haina mkia.

Hatua ya 7: Mbwa

Ukibofya Start kisha Search, unakutana na mbwa wa rangi ya dhahabu anaitwa Rover. Ana historia. Mwaka 1995 Microsoft ilitoa programu iliyoitwa Bob, iliyoigeuza skrini kuwa nyumba: unabisha hodi mlangoni, unaingia chumbani, unabofya kalenda iliyotundikwa ukutani, na wanyama wa katuni wanakueleza la kufanya. Ilidhaniwa kwamba asiyejua kompyuta anaijua nyumba. Bob haikufua dafu sokoni na ikaondolewa mapema, lakini Rover alinusurika akahamia XP.

Kumweka au kumfukuza? Muulize mwenye mashine. Watoto wanampenda, ukimbofya na kuchagua "Do a trick" anafanya mchezo. Wako wazee ambao kuulizwa maswali na mbwa ni kukosewa adabu, na sioni sababu ya kubishana nao. Mbofye uchague "Turn off the animated character", maswali yatabaki bila mbwa. Na anayetaka mwenzake mwingine, wamo kina Merlin, Courtney na Earl.

Hatua ya 8: Somo la kwanza la menyu, na lisiwe Control Panel

Mpaka hapa umeseti wewe. Sasa lazima yeye mwenyewe ajue kusoma dirisha la chaguo, na mahali pa kujifunzia pawe mahali pasipoweza kuharibika. Kwa maoni yangu XP ina darasa zuri kuliko yote ndani ya Solitaire: Start, All Programs, Games.

Anza na menyu ya Game iliyo juu. Mwonyeshe kwamba maneno mengine yanafuatwa na nukta tatu na mengine hayana. Deal haina nukta: ukiibofya, karata zinagawanywa papo hapo. Deck na Options zina nukta: ukizibofya bado hakuna kilichotendeka, kuna dirisha litakalokuuliza kwanza. Akilielewa hilo, nusu ya hofu imekwisha, kwa sababu kanuni hiyo ni ile ile katika programu zote zilizobaki.

Deck aifungue kwanza, achague picha ya mgongo wa karata, abonyeze OK, aone karata zimebadilika. Karata za Windows zilichorwa mwanzo na Susan Kare kwa ajili ya Windows 3.0 ya mwaka 1990, na mchezo wenyewe umefundisha watu wengi kuburuta vitu kwa mausi bila kujua wanafundishwa.

Halafu Options. Dirisha hili dogo lina kila aina ya chaguo. Upande mmoja vimo viduara: Draw One au Draw Three. Upande mwingine Scoring: Standard, Vegas au None, navyo ni viduara. Chini vimo visanduku vya tiki. Kiduara ni dereva wa matatu, akipanda mmoja mwingine lazima ashuke. Visanduku ni abiria, kila mmoja na nauli yake, hata wakipanda wote au asipande yeyote. Mwache abofye Draw One aone nukta ikihama kutoka Draw Three yenyewe. Kisha aweke na kuondoa tiki mara kadhaa aone kwamba majirani hawajali.

Cumulative Score itakuwa imefifia. Mwambie ajaribu kuibofya; haisikii. Kisha achague Vegas, itaamka. Sasa amejua kwamba kilichofifia hakijaharibika, kinangoja kitu kingine kichaguliwe kwanza.

Kinachobaki ni OK na Cancel, na hapa usimweleze. Mwache avuruge kila kitu, halafu abonyeze Cancel.

"Mwanangu, si nimeharibu hii?"

"Fungua tena Options uone, shangazi."

"Ala! Kumbe iko vile vile."

"Eeh. OK ndiyo sahihi yako. Bila hiyo mashine haijapokea kitu."

Baadaye, kwenye Control Panel, ataona kitufe cha tatu, Apply. Hicho kinatia sahihi lakini kinaacha dirisha wazi uendelee kujaribu. Ukishabonyeza Apply, Cancel haikurudishi nyuma. Hilo lisemee mapema.

Mkimaliza, achia Draw One, Scoring weka None, na uondoe tiki ya Timed game. Saa inayohesabu kwenye kona haimsaidii anayejifunza chochote. Vegas usiiache hata kidogo. Inamtoza mchezaji dola 52 za kuandikwa kila mchezo na kumrudishia dola 5 kwa kila karata inayopanda juu, na ukimwachia mama wa kanisa deni la kamari kwenye skrini hutaalikwa tena kwa chai.

Kwa kweli wako ambao karata hawaigusi kabisa, iwe za karatasi au za umeme, na hapo usilazimishe. Fungua Calculator. Menyu ya View ina darasa lile lile kwa ufupi: Standard na Scientific ni dereva na dereva, Digit grouping ni abiria. Tena Digit grouping ina faida ya moja kwa moja kwa mweka hazina, kwani inatia mikato kwenye tarakimu, na 1250000 inasomeka 1,250,000. Shangazi yeyote wa chama ataiacha ikiwa na tiki.

Hatua ya 9: Karatasi ya ukutani

Andika kwa mkono, kwa herufi kubwa, uibandike kando ya monita:

Umekwama? Bonyeza Esc.
Dirisha hulijui? Bofya Cancel.
Mshale umepotea? Bonyeza CTRL.
Flashi usiichomoe kabla ya kubofya ile ikoni yenye mshale wa kijani kwenye kona.
Kuzima: Start, kisha Turn Off Computer. Usizime ukutani.

Stima ikikatika katikati ya kazi, na hapa mjini hukatika, mashine ikiwashwa tena inaweza kuonyesha skrini ya buluu yenye maandishi meupe ikikagua diski. Mwambie aiache imalize. Si kirusi wala si kufa. Kama bei inaruhusu, UPS ndogo (betri inayoshikilia mashine stima ikikatika) itaokoa kumbukumbu nyingi za mikutano. Kama hairuhusu, mzoeze kubonyeza CTRL na S kila akimaliza aya.

Hatua ya 10: Funga kazi

Rudi kwa akaunti ya msimamizi. Fungua System Restore tena, uweke alama ya pili, "Baada ya kuseti", na tarehe yake uiandike kwenye daftari. Hakikisha akaunti ya Guest imezimwa. Waya wa intaneti kama upo, uchomoe uondoke nao. Neno la siri la msimamizi liandike, litie kwenye bahasha, umpe mtu mwingine wa nyumba hiyo alitunze, asiwe mwanafunzi na asiwe wewe peke yako, maana siku printa mpya itakapokuja na wewe uko safarini, kuna mtu atalihitaji.